Mpaka na Ruhusa: Habari za Ardhi ya Kwale

Msomaji, ukisafiri kwa njia kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, utapita Waa, Tiwi, Ukunda na Msambweni, na kila upande utaona mipaka. Pengine mpaka ni ua wa minyaa, pengine ni ukuta wa mawe ya matumbawe uliopandwa vipande vya chupa juu yake, na pengine ni jiwe dogo la saruji lililofukiwa ardhini, ambalo watu huliita bikoni. Vitu hivi huonekana kana kwamba vimekuwapo tangu kale. Walakini kila mpaka uliwekwa na watu, siku fulani, kwa kanuni fulani. Na tangu kanuni za mipaka zilipoanza, wamekuwapo watu waendao mbele ya wenye mamlaka kuomba walegezewe kanuni hizo.

Insha hii yaeleza habari za maombi hayo katika nchi ya Kwale. Si habari ndogo. Nyumba ya mtu, shamba la jamaa, njia ya wavuvi na msitu wa wazee vimepatikana au kupotea kwa sababu ya ombi lililokubaliwa au kukataliwa. Unaposoma, nakusihi ujiulize swali moja kila mahali: ombi lilipotolewa, nani alikuwapo kulisikia? Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika historia ya ardhi ya pwani ya kusini, methali hiyo imekuwa na nguvu kama ya sheria.

Kwanza yatupasa kufahamu jambo tunalolisema. Kanuni za viwanja ni za namna mbili. Namna ya kwanza yaonyesha mpaka unapita wapi. Namna ya pili yaonyesha mtu anaweza kufanya nini karibu na mpaka huo: aache nafasi gani kati ya nyumba yake na jirani, aache njia wapi, ajenge umbali gani kutoka baharini. Kanuni haiwezi kumjua kila mtu wala kila kiwanja. Kwa hiyo karibu kila nchi yenye kanuni za namna hii ina mlango mdogo wa kupitia mtu ambaye kanuni yamwumiza bila faida kwa wengine. Mlango huo ni ruhusa maalumu. Ukifunguliwa kwa haki, kanuni hupata huruma. Ukifunguliwa gizani, kanuni haina maana tena.

Kabla ya wapima ardhi kuja na minyororo yao, Wadigo, ambao ni kabila moja katika yale tisa ya Wamijikenda, walikuwa na kanuni zao. Aliyetangulia kufyeka msitu na kulima ndiye aliyehesabiwa mwenye shamba, na baada yake jamaa zake. Mti nao ulikuwa na mwenyewe, na pengine mwenyewe huyo hakuwa mwenye ardhi ulipoota. Mtu aliweza kumiliki minazi iliyosimama katika shamba la mwingine, akaiangua na kuirithisha. Mgeni aliyeomba mahali pa kulima aliruhusiwa kupanda mahindi, mihogo au kunde, bali hakuruhusiwa kupanda minazi wala miembe bila idhini. Sababu yake ni dhahiri: mnazi huishi kuliko aliyeupanda, na mwenye mti wa kudumu huja akadai hata udongo ulio chini yake.

Palipotokea ugomvi, au mtu alipotaka kupewa nafasi kupita kawaida, shauri lilipelekwa kwa wazee wa ngambi, yaani baraza la Wadigo. Majirani waliitwa, na mpaka ulikaguliwa kwa miguu. Hukumu haikuandikwa, bali ilihifadhiwa katika vichwa vya watu walioisikia. Usidhani kuwa desturi hiyo haikuwa na dosari. Sauti ya mwanamke haikuwa sawa na sauti ya mzee, wala sauti ya mtu mwenye asili ya utumwa haikuwa sawa na ya mwungwana. Lakini ilikuwa na sifa moja: aliyeweza kudhurika kwa ruhusa alikuwa karibu, na mara nyingi alijulikana kwa jina lake na la baba yake.

Kulikuwa na mahali ambapo hata wazee hawakupenda kutoa ruhusa. Mahali hapo ni kaya, yaani misitu iliyokuwa maskani ya mababu na ambayo baadaye ikawa mahali pa maombi na makaburi. Kaya Kinondo, iliyo karibu na ufuko wa Diani, ni mojawapo. Katika kaya mti haukukatwa kwa sababu mtu mmoja ana haja nao. Kumbuka jina la Kinondo, maana tutalirudia.

Sasa tuingie katika zama za maandishi. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kwamba Sultani wa Zanzibar ni mwenye ukanda wa pwani, upana wake maili 10 za baharini. Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani alikubali kuukabidhi ukanda huo, kwa sehemu iliyo Kenya ya leo, utawaliwe na Waingereza kwa kodi ya pauni 11,000 kila mwaka. Wakati huo huo Mbaruk bin Rashid, chifu wa Kimazrui aliyekuwa na makao yake Gazi, kati ya Diani na Msambweni, alikuwa akipigana na Waingereza. Aprili 1896 alishindwa, akavuka mpaka kuingia nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Bendera ya Sultani iliendelea kupepea pwani, lakini hesabu ya ardhi ilishikwa na serikali mpya.

Serikali hiyo ilitaka kujua ni ardhi ipi ina mwenyewe na ipi haina, kwa kuwa matajiri wa kigeni walikuwa tayari kununua na kukodi mashamba, nao hawakutaka kununua ugomvi. Ndipo ilipotungwa sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Kwa mujibu wa sheria hiyo, katika kila eneo lililotangazwa, mtu aliyedai kuwa na ardhi alipaswa kupeleka dai lake kwa afisa wa hati kabla ya muda uliowekwa kwisha. Dai likithibitishwa, alipewa cheti cha kumiliki. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza.

Itazame sheria hii kwa makini, msomaji. Haikusema kwamba Mdigo anyang'anywe shamba. Ilisema tu kwamba asiyedai hana. Lakini tangazo liliandikwa kwa Kiingereza katika gazeti la serikali, na wengi walioishi mashambani hawakujua kulisoma. Tena dai lilikuwa la mtu mmoja mmoja, hali shamba la Mdigo lilikuwa la jamaa nzima, wazima na wafu na watakaozaliwa. Na maofisa wengi walikuwa na itikadi kwamba katika ukanda wa Sultani wenye milki binafsi ni Waarabu na Waswahili wa mijini, na kwamba watu wa makabila ya Kimijikenda wana makao yao nyuma, vilimani. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kwa aliyejua kwamba kuna mlango.

Palikuwa na waliojua, nao walifaulu kuipindisha kanuni kwa haja yao. Kaskazini ya Mombasa, huko Takaungu, ukoo wa Mazrui ulipeleka dai, na mwaka 1914 ukapewa cheti cha ardhi kwa ajili ya ukoo mzima. Baadaye ilitungwa sheria maalumu ya kuiweka ardhi hiyo chini ya wadhamini, nayo ilidumu hata Bunge la Kenya lilipoifuta mwaka 1989. Sina haja ya kuwalaumu waliopata. Waliomba, wakasikiwa. Nataka uone tu kwamba kanuni iliyosemekana haiwezi kutambua milki ya watu wengi pamoja ilipata njia ya kuitambua milki hiyo, mara wenyewe walipofika mbele ya afisa na maneno aliyoyafahamu. Wadigo wengi hawakufika. Wajukuu wao walikuta kwamba wanaishi juu ya makaburi ya babu zao, na katika vitabu vya serikali wanaitwa maskwota.

Huenda ukauliza, je, uhuru haukuyafuta hayo? Uhuru ulikuja na ahadi. Tarehe 5 Oktoba 1963, Jomo Kenyatta kwa upande wa Kenya na Mohamed Shamte kwa upande wa Zanzibar waliandikiana barua za mapatano, ili ukanda wa pwani uungane na Kenya. Miongoni mwa ahadi zilizotolewa ni kwamba hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kuandikishwa katika ukanda huo zitatambuliwa. Ahadi hiyo iliwatuliza waliokuwa na hati. Kwa asiyekuwa nayo, haikubadili kitu. Ndiyo maana vyeti vilivyotokana na sheria ya 1908 vinatajwa mahakamani hadi zama zetu.

Walakini serikali ya uhuru ilianza kazi nyingine iliyo na heri zaidi. Mwaka 1968 ilipitishwa sheria ya kutambua na kuandikisha haki za watu katika ardhi ambazo hazikuwa na hati, na kazi hiyo ikafika Kwale. Ukitaka kuona alama yake, soma nambari ya hati ya shamba la huko. Utakuta imeandikwa Kwale/Diani, au Kwale/Galu Kinondo, kisha tarakimu. Neno la kwanza ni wilaya, la pili ni sehemu iliyotangazwa kwa kazi hiyo, na tarakimu ni shamba lenyewe.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Katika kila sehemu iliundwa kamati ya wakaaji wasiopungua 10, kwa sababu wao ndio wajuao nani alilima wapi. Mwenye shamba alionyesha mpaka wake, jirani akiwapo, na maofisa wakauchora. Palipokuwa na ugomvi, kamati ilisikiliza. Mwishoni ramani na daftari viliwekwa wazi, na kila asiyeridhika alipewa siku 60 za kupeleka pingamizi. Akishindwa hapo, alipewa siku 60 nyingine za kukata rufani kwa Waziri, ambaye neno lake lilikuwa la mwisho. Unaona, msomaji, kwamba baraza la ngambi limerudi kwa sura nyingine? Jirani ameitwa tena, na mpaka umekaguliwa tena kwa miguu. Lakini safari hii kuna saa inayohesabu. Baharia aliyekuwa safarini, mjane asiyejua kwamba shamba limeandikwa jina la shemeji yake, kijana aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi, wote hao siku 60 ziliweza kuwapita.

Jambo jingine la kujua ni kwamba ramani nyingi zilizotokana na kazi hii huonyesha mpaka kwa makadirio. Ua wa minyaa ulichorwa ulipo, nao ua hukua, hufa, husogea. Kwa sababu hiyo sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 imeagiza kwamba ugomvi wa mpaka wa namna hiyo usianzie mahakamani. Uanzie kwa msajili wa ardhi, naye awaite majirani, afike mahali penyewe, kisha akate shauri. Mtu akitaka mpaka wake upimwe kwa uhakika, anaweza kuomba, lakini hawezi kupimiwa kwa siri. Majirani lazima wapewe habari.

Sasa twende pwani yenyewe, mahali ambapo ombi dogo lina thamani kubwa. Tangu miaka ya 1960 na 1970 watalii walipozidi kuja Diani, ardhi iliyokuwa na mikanju na vichaka ikawa ghali. Kila mtu alitaka kiwanja kinachogusa mchanga. Serikali ilikuwa na kanuni ya kulinda ufuko, na kanuni hiyo imeandikwa waziwazi katika Kanuni za Upimaji za mwaka 1994. Yasema kwamba ardhi ya serikali iliyo kando ya bahari inapopimwa ili apewe mtu, kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji makuu uachwe kwa matumizi ya serikali. Kisha yaongeza neno: ikiwa maendeleo yataka hivyo, Waziri anaweza kuagiza kwamba ukanda huo upunguzwe chini ya mita 60 katika hali maalumu.

Pima uzito wa neno hilo. Chukua kiwanja chenye mita 100 za ufuko. Ukanda wa mita 60 mbele yake ni mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu. Waziri akiupunguza uwe mita 30, mwenye kiwanja anapata mita za mraba 3,000 za ardhi iliyo ghali kuliko zote katika wilaya. Nani anazipoteza? Si Waziri. Anazipoteza mvuvi wa Mwaepe au wa Mkunguni, ambaye wakati wa kusi, bahari inapochafuka, hutaka mahali pakavu pa kuvutia mtumbwi wake na kutengenezea nyavu na madema. Anazipoteza mama karanga, ambaye hungoja samaki pale pale mtumbwi unapofika ili akawakaange na kuwauza. Kila mmoja hupoteza kidogo, wala hakuna mmoja apotezaye kiasi cha kumfanya apande gari kwenda Nairobi kulalamika. Mwombaji ni mmoja, na faida yake ni kubwa. Kwa hiyo husafiri yeye.

Tena alama ya maji makuu si kigingi. Katika pwani yetu bahari hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, na huenda mbali kidogo zaidi katika miezi mingine kuliko mingine. Mchanga nao huliwa mahali pamoja na kujengwa mahali pengine. Mtu akijenga ukuta kuzuia mawimbi, atasema ukuta wake ndio mpaka wa bahari. Baada ya miaka michache, mpita njia wakati wa maji kujaa hana pa kukanyaga. Ndiyo sababu umbali wa mita 60 ulikuwa na hekima: ulikuwa nafasi ya watu, na pia nafasi ya bahari yenyewe kutembea bila kuingia sebuleni mwa mtu.

Hapana budi niseme pia kwamba kanuni ya mita 60 ilihusu ardhi ya serikali iliyokuwa haijagawiwa. Viwanja vilivyokwisha kupewa hati zamani vilibaki na mipaka yake. Kwa hiyo katika ufuko mmoja waweza kuona majirani wawili, mmoja mpaka wake wafika karibu na maji, mwingine mpaka wake uko nyuma kwenye minazi, na wote wawili wana haki kwa mujibu wa karatasi zao. Mtu asiyejua historia huona hapo upendeleo mtupu. Anayejua historia huuliza kwanza: hati hii ni ya mwaka gani, na ilitolewa kwa sheria ipi?

Lakini upendeleo nao ulikuwapo. Mwaka 2003 serikali iliunda tume, mwenyekiti wake Paul Ndung'u, kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma katika Kenya nzima. Taarifa yake ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi misitu, hifadhi za barabara na hata ardhi za makazi ya watu wasio na mashamba zilivyogawiwa kwa wenye vyeo na rafiki zao. Mara nyingi haikuwa lazima kuivunja sheria waziwazi. Ilitosha kuutumia mlango wa ruhusa maalumu mpaka ukawa mpana kuliko nyumba. Katiba ya mwaka 2010 ilitia nguvu upande wa pili kwa kutamka kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji makuu na alama ya maji madogo ni ardhi ya umma. Mchanga unaofunikwa na kufunuliwa na maji hauna mwenyewe ila sisi sote.

Nimekuahidi kurudi Kinondo. Bei ya viwanja ilipopanda, misitu ya kaya ilianza kumegwa, kwani katika ramani nyingi kaya ilionekana kama kichaka kisicho na mwenyewe. Hapo wazee walifanya jambo ambalo babu zao hawakufanya mwaka 1908: walikwenda wakaomba. Kwa msaada wa Makumbusho ya Taifa, kaya nyingi, Kinondo ikiwamo, zilitangazwa kuwa turathi za taifa kuanzia mwaka 1992. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na Kaya Kinondo imo ndani yake. Kwa hiyo ombi laweza pia kuimarisha mpaka. Leo mgeni akitaka kuingia Kinondo huongozwa na watu wa mahali hapo, huvaa nguo nyeusi kiunoni, na hatoki na jani wala kijiti.

Sitaki udhani kwamba kila anayeomba kulegezewa ni mlafi. Tuje katika viwanja vya watu wa kawaida. Pale Ukunda kiwanja kijulikanacho sana ni cha hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100, au mita 15 na ziada kwa mita 30 na ziada. Tuseme kanuni ya mahali yataka nyumba iache mita 3 kila ubavu. Mwenye kiwanja hicho abakiwa na upana wa mita 9 za kujenga, naye aridhika. Kisha afariki, na watoto wake wawili wakigawane kiwanja kwa urefu. Kila mmoja ana upana wa mita 7.62. Ondoa mita 3 huku na mita 3 kule, hubaki mita 1.62. Hiyo ni nafasi ya kitanda, si ya nyumba. Mtoto huyu akiomba aruhusiwe kuukaribia mpaka, hatafuti faida ya wizi. Anatafuta pa kulala katika ardhi aliyorithi.

Hata hivyo kanuni ya mita 3 haikuwekwa kwa ubaya. Paa nyingi za pwani ni za makuti. Moto ukishika paa moja wakati wa kaskazi, upepo huupeleka kwa jirani kabla ya ndoo ya kwanza kufika. Nafasi kati ya nyumba na nyumba ni kinga ya moto. Ni njia ya hewa pia, na umbali kati ya choo cha mmoja na kisima cha mwingine. Kwa hiyo mwamuzi mwenye busara husema, "Jenga karibu, lakini paa lako liwe la bati na ukuta wa upande huu usiwe na dirisha, na choo kiwe mbele." Ruhusa njema huangalia sababu ya kanuni, ikaitimiza kwa njia nyingine.

Jambo hili si la Kwale peke yake. Mwaka 1915 katika jiji la New York lilimalizika jengo kubwa la Equitable, lililoinuka wima kutoka ukingo wa kiwanja chake na kutia giza mitaa ya jirani. Mwaka uliofuata, 1916, jiji lile lilitunga kanuni za kugawa mitaa na kupima majengo, na pamoja nazo likaunda baraza la rufani lenye uwezo wa kulegeza kanuni pale zinapomletea mtu taabu isiyo na sababu. Mahakama za Marekani zikakuza kipimo: taabu itokane na kiwanja chenyewe, kama vile umbo lake au mteremko wake, wala isiwe tamaa ya mwenyewe ya kupata fedha zaidi. Na majirani wasikilizwe. Kipimo hicho mzee wa ngambi angalikifahamu bila kufasiriwa.

Kenya nayo imefika huko. Kwa sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, anayetaka kujenga, kugawanya kiwanja au kubadili matumizi yake huomba ruhusa kwa serikali ya kaunti. Ombi la kubadili matumizi hutangazwa, ili wenye pingamizi waseme. Uamuzi ukitolewa, mwombaji asiyeridhika anaweza kukata rufani kwa kamati maalumu ya kaunti ndani ya siku 14. Wala si mwombaji tu. Sheria humpa haki hiyo pia mtu mwingine anayeguswa na jambo hilo, kama vile jirani. Baada ya kamati ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa maandishi, basi, mvuvi na mama karanga wamepewa kiti barazani. Lakini kiti kisichokaliwa hakina sauti, na siku 14 ni fupi kuliko siku 60 zilizowapita baba zao.

Msomaji kijana, wewe unajua kusoma, na hiyo ndiyo silaha waliyoikosa wengi mwaka 1908. Ukiona kibao cha tangazo kimepigiliwa katika kiwanja, kisome mpaka mwisho, utazame tarehe, kisha uwasomee wazee wasioweza kukisoma. Ukisikia mtu ameomba kulegezewa mpaka, usikimbilie kumpinga wala kumpongeza. Uliza kanuni hiyo iliwekwa kwa sababu gani, taabu ya mwombaji yatoka wapi, nani atapungukiwa akikubaliwa, na kama huyo atakayepungukiwa amepewa habari. Majibu yakiwa mema, ruhusa na itolewe, naye ajenge kwa amani.

Na nyumbani kwenu, siku moja yenye nafasi, mwombe babu au nyanya, mjomba au shangazi, akutembeze mpakani. Akuonyeshe mwembe, bikoni na mahali ulipokuwa ua wa minyaa kabla haujafa. Chukua daftari uandike anayoyasema, uandike na tarehe, na majirani waliokuwapo. Kisha tazama kama hati iliyo sandukuni yasema maneno hayo hayo. Ikiwa hayapatani, mwambie mwenye hati leo, angali yupo wa kuulizwa.